Kila mtu ana macho yake, si ukweli wake

Siku hizi mjadala ukifika pagumu hutokea mtu akaufunga kwa kauli moja: "Kila mtu ana ukweli wake." Husemwa kwa upole, kana kwamba ni adabu, na wenzake huitikia kwa kichwa kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mbishi. Mimi kauli hiyo hainipendezi. Inachukua jambo la kweli kabisa, kwamba macho yetu, muktadha tuliomo na vitu tunavyovithamini hutuchorea picha tofauti za jambo lilelile, kisha inaligeuza kuwa ruhusa ya kuacha kutafuta. Hayo ni mambo mawili, na katikati yake kuna pengo kubwa.

Tuanze na jambo dogo lisilo na siasa. Februari 2015 picha ya gauni, iliyopigwa kwa simu kabla ya harusi moja ya Uskoti, ilizunguka dunia ndani ya siku chache. Baadhi ya watu waliona gauni la bluu na nyeusi. Wengine, wakitazama skrini hiyohiyo, waliona jeupe lenye mistari ya dhahabu. Hakuna aliyekuwa anatania. Ubishi ulikuwa mkali kwa sababu rangi ni kitu tunachodhani hakihitaji tafsiri: unafumbua macho, unaiona, basi.

Kumbe hata rangi ina tafsiri ndani yake. Mwanga unaofika jichoni ni mchanganyiko wa rangi ya kitu chenyewe na rangi ya mwanga unaokimulika. Jicho hupokea mchanganyiko tu. Ubongo ndio unaolazimika kukisia kipi kimetoka wapi. Karatasi nyeupe chini ya taa ya manjano hurudisha mwanga wa manjano, lakini hakuna anayesema karatasi ile ni ya manjano, kwa kuwa ubongo wake umeshaitoa taa kwenye hesabu. Picha ya gauni ilikuwa na mwanga uliozidi na haikuonyesha wazi mwanga huo unatoka wapi. Aliyechukulia kwamba gauni liko kivulini wakati wa mchana, penye mwanga wenye ubuluu, ubongo wake ulipunguza bluu akabaki na nyeupe na dhahabu. Aliyechukulia kwamba liko chini ya taa alipunguza manjano, akabaki na bluu na nyeusi. Pascal Wallisch wa Chuo Kikuu cha New York alikusanya majibu ya zaidi ya watu 13,000 na kuyachapisha mwaka 2017. Aligundua kwamba wanaoamka alfajiri, ambao wanaishi zaidi na mwanga wa jua, walielekea kuona jeupe kuliko wanaokesha. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo. Mazoea ya miaka ya kuamka na kulala yamejipenyeza ndani ya rangi ya kitambaa.

Hapo ndipo wapenzi wa "kila mtu ana ukweli wake" hushangilia. Wangoje kidogo. Gauni lile lilikuwa la bluu na nyeusi. Halikuwa la bluu kwa hawa na jeupe kwa wale. Lilikuwepo, lilivaliwa harusini, na aliyetaka kujua aliweza kuitafuta nguo yenyewe akaitazama kwenye mwanga wa kawaida. Kilichokuwa na utata ni picha.

Jicho lina mipaka mingine ambayo hatuihisi kabisa. Ukinyoosha mkono mbele yako, eneo unaloliona kwa ukali kwa wakati mmoja linakaribia upana wa kidole gumba. Nje ya hapo ni ukungu, na mahali ambapo neva ya macho inatokea hakuna kuona kabisa. Macho huruka kutoka nukta hadi nukta kama mara tatu kwa sekunde, na ubongo huunganisha vipande hivyo kuwa mandhari moja isiyo na tundu. Kuona, basi, ni kukisia. Lakini ni kukisia kunakosahihishwa kila dakika na vitu vyenyewe: anayekisia vibaya kina cha ngazi huanguka.

Kuna mfano unaopendwa sana na waandishi wa mambo haya, nami nauleta kwa sababu ya yaliyoupata baadaye. Mwaka 1889 Mjerumani Franz Müller-Lyer alichapisha mchoro wa mistari miwili yenye urefu sawa. Mmoja una vichwa vya mishale vya kawaida kwenye ncha zake. Mwingine una vichwa hivyo vilivyogeuzwa, vikifunguka nje. Watu wengi huuona huu wa pili kuwa mrefu zaidi. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa matokeo ya kulinganisha jamii nyingi, zikiwemo za Afrika, Ufilipino na Marekani. Watu wazima wa Evanston, Illinois, walidanganyika sana, ilhali Wasani wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, karibu hawakudanganyika. Maelezo yakawa kwamba anayekulia kwenye nyumba za kuta nyoofu na pembe kali hufundishwa na pembe hizo kusoma umbali, na mchoro unamnasa kwa elimu yake mwenyewe. Ilikuwa hadithi tamu: utamaduni umeingia hadi ndani ya jicho.

Kisha zikaja habari za kuiharibu. Samaki na ndege, ambao hawajawahi kulala kwenye chumba cha pembe nne, nao wamedanganyika na mchoro huo katika majaribio. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya watoto wa India waliozaliwa hawaoni kwa sababu ya mtoto wa jicho, wakafanyiwa upasuaji wakiwa na umri wa miaka minane na kuendelea. Walipoonyeshwa mchoro muda mfupi baada ya kuanza kuona, nao walidanganyika. Utamaduni huenda una mchango wake, lakini hadithi ile haiwezi tena kubeba mzigo wote iliotwishwa. Kwa nini ilidumu vile? Sehemu ya jibu ni kwamba ilipendwa. Akipenda, chongo huita kengeza, na msomi naye hakusamehewa.

Sasa tuhamie kwenye muktadha, yaani yale tunayokuwa tumeshayajua kabla ya kutazama. Machi 11, 2004, mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid. Polisi wa Hispania walipata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kulipulia, wakaisambaza kwa wenzao wa nchi nyingine. Kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa orodha ya alama 20 zinazoifanania, na moja ilikuwa ya wakili wa jimbo la Oregon. Mtaalamu wa kwanza akasema ndiyo yenyewe. Wa pili akathibitisha, wa tatu pia. Hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama akaafiki. Wakili akawekwa kizuizini kwa wiki mbili, hadi Wahispania walipotangaza kwamba alama ile ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. FBI wakaomba radhi.

Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyotoka mwaka 2006, inafaa kusomwa polepole. Haikuwachora wataalamu wale kama watu wenye chuki. Ilikiri kwamba alama hizo mbili zilifanana isivyo kawaida. Lakini baada ya kupata nukta kadhaa zinazolingana, walianza kusoma kinyumenyume: walitazama alama safi ya wakili, kisha wakarudi kwenye ile hafifu ya Madrid na kuona ndani yake mistari ambayo wasingeiona kama wasingejua wanatafuta nini. Kulikuwa na jambo lingine tena. Wakili huyo alikuwa Mwislamu. Wataalamu hawakulijua hilo mwanzoni, lakini lilipojulikana, ripoti iliona huenda lilichangia kuwafanya wasiurudie uchunguzi wao kwa dhati hata pale Wahispania walipoonyesha kutokubaliana. Ndivyo tunu zetu, yaani vile tunavyovithamini, na chuki zetu zinavyofanya kazi mara nyingi. Wakati mwingine hutufanya tuone kisichokuwepo. Zaidi hutuambia lini tuache kutazama.

Mwaka huohuo wa 2006 Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo lenye makali. Waliwaendea wataalamu 5 wa alama za vidole na kumpa kila mmoja jozi ya alama, wakimwambia ni ile jozi maarufu iliyokosewa katika kesi ya Madrid. Haikuwa hiyo. Ilikuwa jozi ambayo mtaalamu huyohuyo, miaka kadhaa nyuma, aliitolea uamuzi kwamba zinalingana. Watatu sasa wakasema hazilingani. Mmoja akasema hakuna ushahidi wa kutosha. Mmoja tu ndiye aliyebaki kwenye uamuzi wake wa zamani. Wataalamu watano ni wachache, na mtu asijenge sayansi nzima juu yao. Hata hivyo alama zilikuwa zilezile na macho yalikuwa yaleyale; kilichobadilika ni sentensi moja iliyotangulia.

Madaktari nao wamo. Utafiti uliotoka mwaka 1982 uliwauliza wagonjwa, wanafunzi na madaktari wachague kati ya upasuaji na tiba ya mionzi kwa saratani ya mapafu. Baadhi waliambiwa kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaofanyiwa upasuaji, 90 huvuka wakiwa hai kipindi cha upasuaji wenyewe. Wengine waliambiwa 10 hufa. Hesabu ni moja. Upasuaji ulipoteza wafuasi ulipoelezwa kwa vifo, na udaktari haukuwa kinga.

Tunu zina nguvu zaidi pale tunapokuwa na timu. Novemba 23, 1951, vyuo vya Princeton na Dartmouth vilikutana katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana. Mchezo ulichafuka. Nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu, na magazeti ya vyuo hivyo yaliandika kana kwamba yalihudhuria mechi mbili tofauti. Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu ileile na kuwataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Dartmouth waliona timu yao ikifanya makosa 4.3 kwa wastani. Wale wa Princeton, kwenye filamu hiyohiyo, waliiona Dartmouth ikifanya makosa 9.8.

Katika makala yao ya mwaka 1954 watafiti hao walifika mbali: walidai kwamba si sahihi kusema watu wana misimamo tofauti kuhusu kitu kimoja, kwa sababu kitu chenyewe si kimoja kwa kila mtu. Kwa heshima zote, hapo waliteleza. Kama kitu si kimoja, basi kulinganisha 4.3 na 9.8 hakuna maana. Ingekuwa kulinganisha hesabu za mechi mbili. Ugunduzi wao una uzito kwa sababu moja tu, kwamba filamu ilikuwa moja. Mguu uliovunjika ulivunjika kwa pande zote mbili.

Filamu haituokoi, na hili tunapaswa kulijua vizuri katika zama hizi ambapo kila ugomvi una video yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya polisi aliyeligonga kwa nyuma gari la kijana aliyekuwa akiwakimbia barabarani. Gari liliacha njia na kijana akapooza. Video ya gari la polisi ilikuwepo, na majaji 8 kati ya 9 waliona inajieleza yenyewe: hakuna mtu mwenye busara ambaye angeweza kuona kingine isipokuwa hatari kubwa kwa umma. Jaji John Paul Stevens, aliyebaki peke yake, aliona magari mengine yakikaa pembeni kupisha kama yanavyopisha gari la wagonjwa. Mahakama ikaiweka video hadharani ili kila mtu ajionee. Dan Kahan na wenzake wawili wakaichukua ahadi hiyo kwa uzito. Waliwaonyesha Wamarekani wapatao 1,350 na kutoa matokeo mwaka 2009. Wengi waliwaunga mkono majaji wanane. Lakini waliowapinga hawakutawanyika ovyo: Wamarekani weusi, watu wa kipato cha chini na wenye misimamo ya kiliberali walielekea zaidi kuona kwamba gari halikustahili kugongwa.

Sidhani majaji wanane walikosea kuona walichokiona. Walikosea pale walipotangaza kwamba anayeona tofauti hana busara. Anayeijua polisi kama msaada na anayeijua kama tishio wanakuja kwenye video ileile na maswali tofauti, na kila mmoja anajibiwa swali lake. Mmoja anauliza: gari lilikwenda kasi gani? Mwingine anauliza: kulikuwa na haja gani ya kulifukuza? La kwanza lina jibu kwenye kipimo cha mwendo. La pili lina thamani ya maisha ndani yake, na hakuna kamera inayoipima.

Usidhani akili nyingi ni dawa. Kahan na wenzake, katika jaribio lingine lililohusisha zaidi ya watu 1,100, walitoa jedwali la namba gumu kidogo kusoma. Likielezwa kuwa la dawa ya kupaka ngozi, wenye uwezo mkubwa wa hesabu walilisoma vizuri zaidi. Namba hizohizo zilipoelezwa kuwa ni za sheria ya kudhibiti bunduki, walizisoma vizuri hasa pale zilipounga mkono chama chao. Majaribio ya kurudia kazi hiyo yametoa matokeo mchanganyiko kuhusu kama wajuzi wa hesabu ndio wanaozidi kugawanyika. Kwamba ujuzi haukuwafutia upendeleo, hilo halijatetereka.

Wala usidhani kujua habari hizi kunakutoa kwenye kundi. Nyani haoni kundule. Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper waliwaonyesha wanafunzi wa Stanford taarifa za habari za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya mwaka 1982 katika kambi za Sabra na Shatila. Walioegemea Israeli walisema taarifa zinawapendelea Waarabu. Walioegemea Waarabu walisema taarifa hizohizo zinaipendelea Israeli. Kila upande uliona upofu, na kila upande uliuona kwa mwenzake.

Msomaji anaweza kusema nimemsaidia adui yangu: kama macho hukisia, muktadha huelekeza na tunu huhesabu, kauli ya "kila mtu ana ukweli wake" ina kasoro gani? Jibu langu liko Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa.

Mwaka 1903 René Blondlot, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nancy, alitangaza mionzi mipya. Aliiita mionzi ya N, kwa heshima ya mji wake. Hakuwa tapeli. Alikuwa mpimaji hodari aliyeheshimika kwa kazi yake ya kupima mwendo wa mawimbi ya sumakuumeme. Ni miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Wilhelm Röntgen agundue mionzi ya X nchini Ujerumani, na mionzi mingine mipya ilikuwa ikifuatana. Kutangaza mwonzi mpya hakukuwa ajabu. Wengine huongeza kwamba Ufaransa, iliyoshindwa vita na Ujerumani mwaka 1871, ilikuwa na kiu ya fahari yake. Kiu hiyo siwezi kuipima. Ninachoweza kukitazama ni kifaa.

Mionzi ya N iligunduliwa kwa jicho. Mtazamaji alikaa gizani hadi macho yakazoea, kisha akatazama cheche hafifu au kipande cha kitu king'aacho. Mionzi ikifika, mng'ao uliongezeka kidogo sana. Ukiuona, umethibitisha. Usipouona, ulielezwa kwamba macho yako hayajafunzwa. Hebu litazame sharti hilo kwa makini: matokeo ya ndiyo ni ushahidi wa mionzi, matokeo ya hapana ni ushahidi wa udhaifu wako. Katika mpango kama huo dunia haina mlango wa kuingilia na kusema "umekosea". Wanasayansi wengi wa Ufaransa waliiona. Auguste Charpentier aliiona ikitoka kwenye neva na misuli ya mwili. Mwaka 1904 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Blondlot tuzo ya faranga 50,000.

Nje ya Ufaransa wapo walioshindwa kuiona, na mmoja wao, Mmarekani Robert Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifunga safari hadi Nancy Septemba 1904. Alionyeshwa jaribio ambalo prizimu ya alumini, kipande chenye umbo la pembetatu, hutawanya mionzi, na Blondlot husoma gizani mahali kila mstari unapoangukia. Wood aliiondoa prizimu kimyakimya katika giza lile. Usomaji ukaendelea kama kawaida. Katika jaribio lingine, lililotegemea tupa ya chuma kama chanzo cha mionzi, aliweka mahali pake kipande cha mti kisicho na mionzi yoyote, na matokeo hayakubadilika. Barua yake ikatoka kwenye jarida la Nature mwezi huohuo. Mionzi ya N ikafa karibu kila mahali, isipokuwa moyoni mwa mwenyewe; Blondlot aliendelea kuiamini kwa miaka.

Wood hakuwa msafi kuliko Blondlot. Alikwenda Nancy akiwa ameshakuwa na mashaka, tena alikuwa mtu wa kupenda kuwaumbua wenzake. Kama ukweli ungedai watu wasio na upande, safari ile isingefaa kitu. Ilifaa kwa sababu alipanga hali ambayo jibu lilitegemea prizimu na halikutegemea matumaini ya mtu yeyote, yake yakiwemo. Angeiondoa prizimu na usomaji ukaharibika, yeye ndiye angeumbuka.

Hapo ndipo ninapoachana na walimu wa maadili wanaotuhimiza tuwe "wakweli" na "wenye mtazamo mpana". Blondlot alikuwa mkweli. Wataalamu wa alama za vidole walikuwa wakweli. Ukweli wa moyo hauna kazi kubwa hapa. Utaratibu ndio wenye kazi. Katika majaribio mazuri ya dawa, mgonjwa hajui kama amepewa dawa au kidonge kitupu, na daktari anayempima naye hajui. Utaratibu huo hautoi tusi kwa yeyote. Unachukulia tu kwamba daktari anayependa wagonjwa wake wapone ataona nafuu isiyokuwepo. Baada ya Madrid, njia iliyopendekezwa kwa maabara za alama za vidole ni nyepesi kueleza: changanua kwanza alama hafifu ya eneo la tukio, andika ulichokiona, ndipo uletewe alama ya mshukiwa. Kinachobadilishwa ni mpangilio tu wa nani anajua nini na lini. Mtu anabaki na tunu zake zote, ila zinachelewa kufika.

Lakini kuna mahali ambapo utaratibu huu haufiki, na hapo wanasayansi wengi huwa na haraka ya kupita. Tunu zikifukuzwa kwenye kupima, bado zimekaa kwenye kuamua nini kipimwe. Gerardus Mercator alipochora ramani yake mwaka 1569 alitaka mabaharia waweze kufuata mwelekeo mmoja wa dira kama mstari ulionyooka. Alifanikiwa, na gharama yake ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha za dunia zilivimba. Greenland inaonekana kukaribiana kwa ukubwa na Afrika, ambayo kwa kweli ni kubwa kuliko kisiwa hicho takriban mara 14. Ramani bapa isiyopotosha chochote haiwezekani. Kazi ya Carl Friedrich Gauss ya mwaka 1827 ililimaliza suala hilo kihisabati. Kwa hiyo kila mchora ramani huchagua nini kilindwe: umbo, eneo, umbali au mwelekeo. Chaguo hilo ni la tunu na halina aibu. Aibu ni kuitundika ramani ya baharia ukutani mwa darasa na kuwaacha watoto wajifunze ukubwa wa nchi kutoka kwake.

Takwimu za ajira zina uchaguzi wa aina hiyohiyo, na huu unagusa bajeti. Kwa viwango vya takwimu vya kimataifa vinavyosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuanza, na anatafuta. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hahesabiwi miongoni mwa wasio na ajira. Aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ana ajira. Kisha mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulibadilisha jambo zito zaidi. Chini ya viwango vya mwaka 1982, mtu anayelima chakula cha kaya yake mwenyewe aliweza kuhesabiwa kuwa ameajiriwa. Chini ya viwango vipya kazi yake inatambuliwa kuwa kazi, lakini haiitwi ajira, kwa kuwa hailengi malipo wala faida.

Mtu ni yuleyule, shamba ni lilelile, na jembe halijabadilika. Nchi yenye wakulima wengi wa aina hiyo ikihama kutoka kiwango cha kwanza kwenda cha pili, kiwango chake cha ajira kinaweza kushuka bila mtu hata mmoja kufukuzwa kazi, na mwanasiasa wa upinzani akapata hotuba ya bure. Nchi hiyohiyo ingebaki na kiwango cha zamani, waziri angeendelea kujisifu kwa ajira ambazo hakuzitengeneza. Hakuna kati yao anayedanganya kuhusu namba. Anayetaka kujua kilichotokea kwa mkulima hana budi kudai hesabu zote mbili, ya kiwango cha zamani na ya kipya, kwa miaka ileile, zikiwa kwenye jedwali moja, kabla hajamsikiliza mmoja wao.